Kuni zilikuwa zinalia: kisa cha tanuru moja la chokaa, Tanga

Jiwe lenyewe bado ninalo, liko hapa juu ya kaunta ya duka. Ukubwa wake kama kichwa cha mtoto, nje jeupe pe, ukilishika linakuachia unga mkononi, sasa nilipolipiga nyundo likapasuka kati ndo nikaona ndani bado la kijivu, gumu, vile vile lilivyotoka machimboni. Halijaiva. Na halikuwa peke yake, mwezi wa 11 mwaka juzi tulifungua tanuru la mjomba tukakuta karibu theluthi ya mawe yako hivo, nje chokaa ndani jiwe, na kuni zote zimeisha na hela ya mteja nayo imeisha.

Nimeamua kukiandika hiki kisa mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kila anayekisikia anajibu haraka haraka, "si mlitumia kuni mbichi, mngetumia kavu". Ndio, zilikuwa mbichi. Na kila mtu pale alijua, kuanzia mjomba mpaka kijana wa kubeba maji. Mzee mchomaji, ambaye ameanza kazi hii kabla mimi sijazaliwa, alisema siku ya kwanza kabisa, "hizi kuni zinalia". Ukisogea karibu unasikia kweli, zinatoa sauti ya kuchemka ssssss na kwenye kichwa cha gogo, pale lilipokatwa na msumeno, maji yanatoka na povu la kahawia yanadondokea kwenye majivu. Kwaiyo swali langu ni lingine kabisa. Watu wanaojua kwa macho na masikio kwamba kuni mbichi haziivishi jiwe, kwanini walizitia tanuruni? Jibu nililolipata baada ya kuwafuatilia karibu mwaka mzima sio la elimu, ni la hela, inaingia lini na inatakiwa lini.

Mimi nina duka dogo la hadiwea hapa Tanga mjini, nauza misumari, rangi, saruji na chokaa. Chokaa nachukua kwa mjomba (yeye naye ananiita mjomba, ndo tulivyozoeana). Tanuru lake liko huko kati ya Pongwe na Amboni, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na mawe ya chokaa, yale mapango ya Amboni yenyewe ni kazi ya maji kulila jiwe la namna hiyo hiyo miaka na miaka, na kiwanda cha saruji cha Pongwe kipo pale kwa sababu ya mawe hayo. Kazi ya kuchoma chokaa pwani yetu ni ya zamani sana, wazee walichoma matumbawe, ukienda magofu ya Tongoni ukaangalia zile kuta za msikiti na makaburi utaona chokaa yao bado imeshika mawe mpaka leo, karne na karne.

Tanuru la mjomba ni shimo la duara lililochimbwa ubavuni mwa kilima, kina chake kama watu wawili wamesimama mmoja juu ya mwenzie, ndani limejengewa mawe na udongo mwekundu, chini kuna mdomo wa kulishia kuni. Mzee mchomaji anaingia ndani kwanza anajenga kuba la mawe makubwa bila udongo wowote, mawe yanashikana yenyewe kwa jinsi yalivyopangwa, hiyo kazi anaifanya yeye tu, hakuna mwingine anayeruhusiwa. Juu ya kuba wanapanga mawe mengine mpaka juu. Moto unawashwa chini ya kuba na unalishwa usiku na mchana, kwa kawaida siku 3, watu wanapokezana. Afu wanaliziba mdomo, linaachwa lipoe siku mbili, ndo linafunguliwa.

Kinachotokea humo ndani ni hivi. Jiwe la chokaa limebeba hewa ukaa ndani yake, ukilipasha mpaka kwenye nyuzi kama 900 za Selsiasi ile hewa inatoka, na kinachobaki ni jiwe jepesi, jeupe, lenye njaa ya maji. Mawe kilo 100 yakiiva vizuri kabisa yanabaki kilo 56, hizo nyingine 44 zimepanda hewani. Ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe, yanafumuka, yanakuwa unga, na kwa sababu yamekunywa maji ule unga uzito wake unafika kama kilo 74. Huo ndo unaochekechwa na kuingia kwenye mfuko. (Na kwa wanaofanya kazi hii: usilale pembeni ya mdomo wa juu wa tanuru usiku hata kama kuna baridi, ile hewa inayotoka ni nzito, inashuka chini na inaua mtu kimya kimya. Na macho funika wakati wa kumwagia maji.)

Sasa 900 ndo namba ya kushika. Hapo ndo kisa kizima kilipo.

Watu wengi, hata mimi nilikuwa hivo hivo, tunafikiri ubaya wa kuni mbichi ni kwamba maji "yanakula" joto lote. Nilikaa nikapiga hesabu na mwalimu mmoja wa fizikia mteja wangu, tukakuta sio hivo hasa. Kuni iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuyafanya maji kilo 1 yawe mvuke kunakula megajuli (kipimo cha joto) kama 2.3, wakati kilo 1 ya kuni iliyokauka kabisa inatoa megajuli kama 18. Kwaiyo ukichukua gogo lile lile, ukalichoma bichi au ukalichoma limekaushwa na hewa, tofauti ya joto lote linalotoka ni kama moja ya nane hivi, sio nusu kama watu wanavyosema. Sasa kama hasara ni moja ya nane tu, kwanini theluthi ya mawe haikuiva?

Kwa sababu jiwe halisubiri joto liwe jingi, linasubiri joto lipande juu. Ule mvuke unaingia kwenye moto wenyewe unaupoza, moto unabaki mwekundu mzito, moshi mwingi mweupe, na ule moshi ni kuni inayopotea bila kuungua. Unaweza ukapika ugali, maharage, ukachemsha maji ya msiba mzima kwa moto wa namna ile, maana maji yanachemka kwa nyuzi 100 tu. Ila jiwe kwenye nyuzi 700 linakaa hata wiki halibadiliki, linakuangalia tu. Na kila saa moto unavyovutwa mbele, ukuta wa tanuru unakunywa joto na mdomo wa juu unatoa joto, kwaiyo kuni za ziada unazotia zinakwenda kulipa muda. Kwa hesabu ya kitabu, kilo 1 ya kuni kavu ingetosha kuivisha zaidi ya kilo 4 za chokaa. Kwa mjomba hata kwenye tanuru zuri hatufiki kilo 1 kwa kilo 1. Hizo nyingine zote zinapotea kwenye kupasha ukuta upya kila mara, kupanda juu na hewa ya moto, kutoka mdomoni. Kwenye tanuru bovu ndo usiseme.

Siku ya 3 ya lile tanuru ilitakiwa iwe ya mwisho. Mzee mchomaji anajua limeiva kwa vitu viwili: mawe ya juu yanashuka chini kwa pamoja, maana yameisha nguvu na kupungua, na moshi unakatika, juu inabaki hewa tupu inayotetemeka. Siku ya 3 jioni mawe hayajashuka hata kiganja. Moshi uko pale pale. Tukaendelea siku ya 4. Kawaida tanuru lile linakula fuso mbili za kuni, siku hiyo ya 4 tukawa tunaikaribia kumaliza ya tatu, ambayo mjomba aliikopa kwa maneno tu. Saa nane ya usiku wa kuamkia siku ya 5 mzee akakaa chini kwenye gogo, akasema, "Mwanangu, hapa tunachoma hela." Wakaziba.

Sasa turudi nyuma tuone zile kuni zilikujaje, hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Zilikuwa kuni za michungwa. Muheza kama mnavyojua ndo kwenye machungwa, na kuna mashamba ambayo miti yake imezeeka, mwenye shamba anaamua kuing'oa apande kitu kingine. Mchungwa ni kuni nzuri mno, nzito, makaa yake yanakaa. Tatizo mwenye shamba hakati miti wakati tanuru linapohitaji, anakata yeye anapotaka kulima au anapotaka hela, na huyu alikata vuli imeshaanza, mwezi wa 10 mwishoni, mti umejaa maji na mvua juu yake. Kijana muuza kuni akainunua pale pale shambani kwa hela taslimu, maana asipochukua yeye atachukua mwenye matofali. Akakodi kenta, akahangaikia karatasi za kijiji na za misitu, akazileta. Nilikuwepo siku anashusha, mjomba ndo aliyempokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mbichi hivi?"

"Mzee mbichi ndo zilizopo. Kavu zote zimebebwa na bekari na wakaanga samaki, wale wanalipa kabla hujashusha."

"Si ungeziacha huko shambani mwezi mmoja."

"Nani ananilipa huo mwezi mzee?"

Mjomba hakujibu. Na mimi sikujibu, na kusema kweli mimi ndo niliyekuwa na sehemu kubwa ya lile tatizo kuliko kijana yule, maana oda ilipitia kwangu. Kuna mkandarasi alikuwa anamalizia majengo, akaja dukani anataka chokaa mifuko mingi kwa wiki 3, akatoa advansi ya nusu. Nikaona ni neema. Ile advansi ikafika kwa mjomba siku ya Ijumaa, Jumamosi yake wavunja mawe wakalipwa wiki yao na wiki ya nyuma waliyokuwa wanadai, Jumapili likalipwa deni la kuni za tanuru lililopita, kilichobaki ndo kikanunua kuni mpya. Wiki 3 za mkandarasi, toa siku za kupanga mawe, toa siku 3 za moto na 2 za kupoa, toa siku za kumwagia maji na kuchekecha na kufunga, hamna hata siku 5 za kuziacha kuni zipumue.

Mnaona sasa. Mwenye shamba anataka hela yake leo, muuza kuni kaishatoa hela yake leo, mjomba kapewa hela ya mtu anayetaka mzigo wake wiki ya 3, na mkandarasi naye nadhani kuna mtu juu yake anayemsukuma. Kila mmoja kapungukiwa wiki chache tu. Na zile wiki zote zilizopungua zimekusanyika sehemu moja, ndani ya gogo, kwa sura ya maji. Kuni zikikaa banda miezi miwili mitatu zinakauka zenyewe bure, jua la Tanga halidai kitu, ila hiyo miezi mitatu ni hela iliyolala, na kwa mjomba hakuna hela inayoruhusiwa kulala.

Nakumbuka kuna semina ilishawahi kuletwa kijijini, wakafundishwa faida ya kuni kavu na kupanda miti. Semina nzuri tu. Ila waliokaa pale mbele wakisikiliza ndo watu wanaosikia gogo likilia wakajua limekatwa wiki gani. Wao walichopungukiwa kilikuwa ni mtaji wa kungoja, basi. Na hii habari ya nishati safi inayozungumzwa sasa, ule mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, naiunga mkono kwa moyo wote, mama zetu wameumia macho na vifua miaka mingi. Lakini ni habari ya kupikia. Tanuru la chokaa, la matofali, bekari ya kijijini, hao gesi ya mtungi mdogo haiwafiki, na miaka yote hiyo watakuwa wanachoma kuni, kwaiyo ni bora tuulize zinachomwaje.

Baada ya lile tanuru kuharibika mkandarasi alichukua mifuko iliyokuwepo, iliyobaki akanunua kwingine, na hela ya advansi iliyozidi nikamrudishia mimi kutoka dukani. Mawe yaliyobaki na kiini yalirudishwa tanuru lililofuata, ambayo sio hasara yote, ila umeyapasha mara mbili. Nilipojumlisha fuso ya ziada na theluthi iliyokosekana, ile hasara peke yake ingenunua kuni za tanuru zima na kuziacha zikae mpaka zikauke. Ila hasara inakuja mwisho, hela ya kuni inatakiwa mwanzo, na kwa mtu asiye na kitu mfukoni hizo sio hela mbili za kulinganisha.

Nikaanza kupima. Nilichukua kipande kimoja cha mchungwa kutoka kwenye zile zilizobaki, nikakining'iniza kwenye mzani wa duka, kilo 8 kamili. Nikakiweka kwenye banda la makuti pale pale tanuruni, kimepasuliwa kati, nikawa nakipima kila nikienda. Wiki ya kwanza kilishuka haraka, afu kikawa kinashuka taratibu, wiki ya 7 kikagoma kwenye kilo 5 na robo hivi. Yaani karibu kilo 3 za maji kwenye kipande ambacho mtu anakibeba kwa mkono mmoja. Pembeni yake niliweka kipande kingine cha unene ule ule ambacho hakijapasuliwa, gome liko kamili, chenyewe wiki ya 7 kilikuwa bado kizito, maana gome linafunga, maji yanatoka kwenye vichwa tu. Mzee mchomaji alinitazama na mzani wangu akaniambia mchungwa upasue ungali mbichi, ukishakauka shoka linaruka. Hilo sikulijua.

Kwenye kenta nako ni hivo hivo. Kuni zinanunuliwa kwa mita, rundo la mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1, na kwenye rundo kama hilo mbao yenyewe ni kama sita au saba ya kumi, nyingine ni hewa. Maji kwenye mita huyalipii moja kwa moja maana gogo likiwa bichi au kavu nafasi yake ni karibu ile ile. Ila kenta inabeba uzito, kwaiyo nauli na dizeli unazilipia maji toka Muheza.

Mwezi wa 1 nikamkopesha mjomba hela ya kuni, nikijua nimemaliza tatizo. Kaskazi imeshika, jua kali, upepo mkavu, ndo wakati wenyewe. Zikanunuliwa, zikapasuliwa, zikapangwa bandani safu nne, nzuri kwa macho. Katikati ya mwezi wa 2 nikaenda nikakuta safu mbili. Mtoto wa mjomba aliugua, ikabidi alazwe, mwenye bekari akapita akaona kuni kavu zimepangwa akatoa hela pale pale. Nilikasirika njia nzima ya kurudi mjini na kesho yake hasira ikaisha, maana mimi mwenyewe ningefanya nini? Kuni kavu ni kama hela iliyowekwa barazani, kila anayepita anaiona na anaitaka, na siku ya shida ndo kitu cha kwanza kuuzika. Kuni mbichi angalau hakuna anayezitaka.

Hapo ndo nikaelewa kwamba kumpa mtu mmoja mtaji wa kuni hakutoshi, mtaji huo utaliwa na ugonjwa, na ada, na msiba, na ni haki uliwe. Tulikaa sote, mjomba, mzee mchomaji, wavunja mawe na yule kijana wa kuni, chini ya mwembe, na wazo lililoshika halikuwa langu, lilikuwa la dada mmoja anayechekecha chokaa. Akasema, sisi tuna kikoba, hela ya kikoba hakuna anayeigusa peke yake hata mwenyekiti, kwanini kuni zisiwe za kikoba? Basi. Kila tanuru likifunguliwa mifuko kadhaa inatengwa, inauzwa, hela inanunua kuni, na zile kuni ni za wote. Mtu akiwa na shida anakopa hela kwenye kikoba kama kawaida, ila kuni haziguswi. Mzee mchomaji akaongeza la kwake: kila safu ikishapangwa anachovya kijiti kwenye chokaa anaandika tarehe kwenye vichwa vya magogo, ya chini na ya juu, ili asije mtu akasema "hizi za siku nyingi".

Na mimi upande wangu nikabadilisha namna ya kulipa. Zamani nilikuwa nasubiri watu waanze kuulizia chokaa ndo naagiza. Lakini mimi najua kabisa kabla ya Idd watu wanapaka nyumba, na mwisho wa mwaka vile vile, hiyo haijawahi kunishtukiza hata mara moja toka nimefungua duka. Kwaiyo mifuko ninayoijua nitaiuza, sehemu ya hela yake naitoa miezi mitatu kabla, na siitoi mkononi kwa mjomba, naitoa kwa muuza kuni siku anaposhusha. Kijana analipwa pale pale, mjomba hapati shida ya kuilinda, na hela yangu inalala kwenye banda la makuti badala ya kulala kwenye droo. Sikuwahi kufikiri kama duka linaweza kufanya hivo.

Mzee naye akaja na mpangilio wake wa moto ambao ukimsikiliza unaona ni akili tupu. Siku ya kwanza ya tanuru haitaki moto mkali, mawe yana unyevu wao, ukiyashtua yanapasuka na vipande vinaziba njia ya hewa. Kwaiyo zile kuni ambazo hazijakauka sawasawa, za wiki 4, 5, zinatumika hiyo siku ya kwanza. Siku ya pili zinaingia zile kavu nene za mchungwa. Kumalizia, pale jiwe linapotakiwa kuvuka ile 900, anatia mabanzi ya msaji, yale yanayobaki mashine za mbao, misaji ya huku Longuza, ni membamba, yanakauka haraka na moto wake ni mrefu, unapenya kwenye kuba mpaka juu. Na tanuru linapopoa zile siku mbili kuni za awamu inayofuata zinapangwa kuzunguka ukuta wa nje, hatua kadhaa kutoka mdomoni, zinakula lile joto ambalo lilikuwa linapotea bure.

Tanuru la kwanza kwa utaratibu huu lilifunguliwa kabla ya masika. Mawe yalishuka siku ya 3 asubuhi, mzee akaita watu waje kuona, na moshi ulikuwa umeshakatika toka alfajiri. Kuni zilizotumika zilikuwa chini kidogo ya fuso mbili. Yenye kiini yalikuwepo, ila ni ya kuhesabika, mengi ni yale makubwa ambayo hayakuvunjwa vizuri. Hiyo nayo ni hadithi ya hela, mvunja mawe analipwa kwa ndoo, na ndoo ya mawe makubwa inajaa haraka. Tumewaambia mwisho uwe ngumi mbili na malipo ya ndoo yakaongezwa kidogo. Wengine wanafuata, wengine bado.

Sio kwamba mambo yote yamenyooka. Masika iliponyesha mfululizo banda lilivuja upande mmoja na safu nzima ikalowa, ingawa kuni iliyokauka ikinyeshewa inalowa juu tu na siku chache za jua zinairudisha, sio sawa na mbichi. Oda za wakandarasi bado zinakuja kwa staili ile ile, advansi leo mzigo wiki ijayo, na mwezi wa 8 mjomba alikataa moja. Alinipigia simu usiku kuniambia kaikataa, sauti yake utafikiri kafiwa. Na kuni kukauka hakurudishi mti, michungwa inayokatwa ikiisha imeisha, mikoko ya huku pwani ni hifadhi na hakuna anayeitaka kesi yake, kwaiyo wavunja mawe wawili wamepanda mivinje kwenye mipaka ya mashamba yao, bado mifupi, inanifika kifuani.

Hivi ninavyoandika kuna safu tatu bandani zina tarehe za mwezi wa 12, ya nne haijajaa. Kijana wa kuni anasema lile shamba alilokuwa anakata limeisha, lingine liko mbele ya Muheza na nauli itapanda. Mjomba amemwambia azilete, ila zipasuliwe huko huko shambani na zikae wiki mbili kabla ya kupakiwa, kenta isibebe maji, na hizo wiki mbili kikoba kitamlipa.